Bardi wako mpiganaji anachemka? Tutafute tatizo dalili kwa dalili (Baldur's Gate 3)

Watu wengi wakianza Baldur's Gate 3 wanamchukua bardi wakiwa na picha nzuri sana kichwani, upanga mkononi, kinanda mgongoni, mdomo mtamu kila mlango unafunguka, alafu wakifika leveli ya 4 au 5 wanaona jamaa anakosa, anapigwa, anaishiwa, wanampeleka kwa Withers (yule wa kambini anayebadilisha klasi) wanamgeuza paladini. Inauma kuona hivyo maana bardi wa vita akikaa sawa ni mmoja wa wahusika wenye nguvu kabisa kwenye hii gemu, kuanzia mwanzo mpaka leveli ya 12 ambayo ndo mwisho, na hata kwenye Honour Mode (ile ngumu kuliko zote) watu wanamaliza naye vizuri tu. Hapa naongelea hasa College of Swords na kidogo College of Valour (matawi ya bardi unayochagua leveli ya 3), hawa wawili ndo wanaopigana na silaha, Lore na Glamour wana mambo yao.

Nikwambie mapema ninavyoona mimi: karibu kila tatizo la bardi mpiganaji linatoka sehemu moja, yani vitu viwili vizuri vinagombania nafasi moja. Kwa zamu moja una lile duara la kijani moja (akshoni) na ile pembetatu ya chungwa moja (bonasi). Una umakini mmoja wa kushikilia uchawi. Una Bardic Inspiration (kete za bardi za kumuongezea mwenzake au kulipia mapigo yake maalum) za kuhesabu. Una pointi 27 za kugawa wakati wa kumtengeneza na hazitoshi kila kitu. Klasi zingine hazisumbuki hivi kwa sababu hazina vitu vingi vya kufanya, bardi anavyo vingi mno. Kwa hiyo kila dalili ukiiona jiulize, hapa kina nani wanagombana?

Na kabla hujabadilisha chochote, soma ile logi ya vita iliyoko pembeni chini. Ukiweka mausi juu ya mstari wa shambulio inakufungulia hesabu yote, kete imetoka ngapi, umeongezewa nini, umepunguziwa nini. Watu wanalalamika kete za gemu ni mbovu kumbe kwenye logi imeandikwa wazi wana -1 ya nguvu.

Anakosa kila saa

Hii ndo dalili ya kwanza kwa watu wengi na sababu yake namba moja ni silaha isiyoendana na mwili wake. Bardi anaruhusiwa kutumia Longsword tangu leveli ya kwanza, sasa mtu anaona Longsword ina kete kubwa anaishika, wakati Strength (nguvu) yake ni 8. Longsword ya kawaida inahesabu Strength. Rapier, Shortsword, Dagger na Scimitar ni za finesse, zinachukua Dexterity (wepesi) kama ndo kubwa. Tuseme leveli ya 3, Dexterity 17 na Strength 8, adui ana AC 15 (namba ambayo shambulio lako lazima liifikie). Na Longsword una -1 ya Strength na +2 ya ustadi, jumla +1, unahitaji kete itoke 14 kwenda juu, hiyo ni asilimia 35. Na Rapier una +3 na +2, jumla +5, unahitaji 10 kwenda juu, asilimia 55. Mtu yule yule, zamu ile ile, umebadilisha tu chuma mkononi.

Kuna Longsword moja inayovunja huo utaratibu nayo ni Phalar Aluve, iko Underdark (nchi ya chini ya ardhi) imekwama kwenye jiwe, hiyo ni finesse na juu ya hapo ina uwezo wa kuimba kusaidia wenzako au kupiga ukelele wa kuwaumiza maadui walio karibu. Kwa bardi wa upanga ni kama imetengenezwa kwa ajili yake, ipitie mapema.

Sababu ya pili ni mgawanyo wa pointi. Mtu anampa Charisma (mvuto, ndo unaoendesha uchawi wa bardi) 17 kwa sababu ni bardi, Dexterity anaiacha 14, alafu anataka apige kama mpiganaji. Swords bardi anayeishi kwa silaha apewe Dexterity kwanza. Mgawanyo ambao mimi nauamini ni Dexterity 17, Charisma 16, Constitution (uimara wa mwili) 14, Wisdom 10, Strength na Intelligence zibaki 8, inakula pointi zote 27 bila kubaki hata moja. Leveli ya 4 unachukua nyongeza ya uwezo, moja kwenye Dexterity inakuwa 18, moja kwenye Charisma inakuwa 17. Ile 17 ya Dexterity peke yake inakupa +3 sawa kabisa na 16, faida inakuja ikifika 18, kwa hiyo usiiache ikining'inia pale mpaka leveli ya 8.

Sababu ya tatu inawakamata wanaotumia upinde au hand crossbow. Adui akikusogelea karibu kabisa unapata pingamizi, unarusha kete mbili inachukuliwa ndogo, na asilimia inaporomoka. Sogea kwanza, au mpige Mobile Flourish (moja ya mapigo maalum ya Swords, nitayaeleza chini) inamsukuma mita 6. Kama unatumia crossbow tu basi Crossbow Expert (ni feat, uwezo wa ziada unaochagua) inaondoa hiyo pingamizi. Alafu kuna urefu wa ardhi, ukipiga kutoka juu unapata +2 na ukipiga kutoka chini unapata -2, kwa hiyo yule aliyeko bondeni anayerusha mishale juu na yule aliyeko juu wanatofautiana kwa 4 nzima kabla hata hujaangalia takwimu zao.

Na ya mwisho, Sharpshooter, nayo ni feat. Ni nzuri mno lakini inachukua -5 ya kupata ili ikupe +10 ya demeji. Leveli ya 4 ukiwa na +6 dhidi ya AC 15 una asilimia 60, ukiiwasha inashuka mpaka 35. Ina swichi pale chini, izime kwa wenye deraya nzito na iwashe kwa wale wepesi au ukiwa na faida ya Faerie Fire au Bless (uchawi unaosaidia kupata) ya Shadowheart, mwenzako wa timu. Watu wanaiwasha siku ya kwanza wanaisahau, alafu wanasema bardi hawezi kupiga.

Anapata, ila adui haumii

Hii ukiiona leveli ya 5 tulia kwanza. Leveli ya 5 ndo Fighter, Paladin, Ranger, Barbarian na Monk wanapata Extra Attack, wote wanaanza kupiga mara mbili, na bardi wako anapiga moja. Swords na Valour wanaipata leveli ya 6. Hapo katikati ndo bardi wengi wanauawa na wenye nao, kwa kukata tamaa tu. Leveli moja! Ivumilie, na hiyo leveli ya 5 haiji mikono mitupu, kete ya Inspiration inapanda kutoka d6 (kete ya pande 6) kwenda d8, Inspiration zinaanza kurudi kwa mapumziko mafupi, na unafungua uchawi wa daraja la tatu kama Hypnotic Pattern ambao kuna mapambano unayamaliza kabla hayajaanza. Kwa hiyo leveli ya 5 mtumie kama mchawi zaidi, ikifika 6 rudi kwenye upanga.

Kama umeshapita 6 na bado haumizi, angalia staili uliyochagua leveli ya 3. Gemu inakupa mbili tu, Dueling au Two-Weapon Fighting. Dueling inaongeza 2 ya demeji ukiwa na silaha ya mkono mmoja na mkono wa pili hauna silaha. Two-Weapon Fighting inafanya ile silaha ya mkono wa pili nayo iongezewe Dexterity yako. Sasa kuna mtu amechagua Dueling alafu anatembea na Shortsword mbili, hapati chochote kwenye staili yake, sifuri. Na mwingine amechagua Two-Weapon Fighting anashangaa Rapier mbili zinakataa kukaa pamoja, zinakataa kwa sababu Rapier sio nyepesi, unahitaji Shortsword, Scimitar, Dagger au hand crossbow, ama uchukue feat ya Dual Wielder.

Alafu flourish. Hii ndo roho ya Swords na kuna watu wanacheza mpaka leveli ya 8 hawajaigusa vizuri. Zipo tatu, Defensive, Slashing na Mobile, na kila moja ina sura ya upanga na sura ya silaha ya mbali, alama tofauti kabisa kwenye ile baa ya chini. Ukiona haionekani au ina kijivu angalia kama una silaha ya aina hiyo mwilini. Slashing Flourish ya mbali inakuruhusu kuchagua shabaha mbili na zote mbili zinaweza kuwa adui yule yule mmoja, yani unambofya mara mbili. Ukiwa na Extra Attack unaweza kuitumia kwenye shambulio la kwanza na tena kwenye la pili, mishale minne kwa zamu moja kutoka kwa mtu ambaye watu wanamuita mwanamuziki. Ukimpa na Sharpshooter basi tena. Ndo maana bardi wengi wa Swords wenye nguvu kabisa utawaona wameshika upinde au hand crossbow mbili na upanga wanauweka kama akiba, na hakuna ubaya wowote, bardi ni bardi.

Inspiration zinaisha pambano la kwanza

Hapa wanaogombana ni wewe na wenzako. Swords anatumia Bardic Inspiration hizo hizo kwa flourish zake na hizo hizo kwa kumpa rafiki. Ukiwagawia watu watatu mwanzoni mwa pambano umebaki mikono mitupu, unapiga mapigo ya kawaida, alafu unaona klasi mbovu.

Uamuzi wangu, Swords asigawe. Inspiration zake ni zake, anagawa moja tu kama kuna kete muhimu ya mazungumzo au kufungua kitu. Kama wewe unapenda kuwasaidia wenzako basi chukua Valour, yeye hana flourish kwa hiyo hana ugomvi huo, Inspiration yake mwenzako anaweza kuiongeza kwenye demeji au kwenye kujikinga, na juu ya hapo ana ngao na silaha zote za kivita. Valour anadharauliwa bila sababu, kwenye timu yenye wapigaji wawili wazuri anafanya kazi kubwa.

Kabla ya leveli ya 5 Inspiration zinarudi kwa mapumziko marefu tu, kwa hiyo kaba mkono kidogo. Kuanzia 5 zinarudi kwa mapumziko mafupi, na bardi ana Song of Rest tangu leveli ya 2, hiyo inaipa timu nzima pumziko fupi la tatu juu ya yale mawili ya kila mtu. Kwa maana hiyo kati ya kulala na kulala unajazwa mara tatu. Mtu anayelalamika Inspiration hazitoshi leveli ya 7 mara nyingi hajabonyeza pumziko fupi hata moja tangu atoke kambini, anasubiri mpaka damu ziishe. Bonyeza! Pumziko fupi halili chakula.

Pembetatu ya chungwa haitoshi

Hesabu vitu vinavyokula bonasi: kupiga na mkono wa pili, kumpa mtu Inspiration, Healing Word, kunywa dawa, kuruka, kusukuma. Yote hayo na una moja. Bardi mwenye silaha mbili ndo anaumia zaidi, kila zamu anachagua kati ya kupiga na kumuinua mwenzake aliyelala chini.

Dawa yake ni kuamua mapema, kwenye kumtengeneza, pembetatu hii ni ya nini. Kama unajua wewe ndo muuguzi wa timu basi chukua Dueling na Rapier moja, bonasi ibaki wazi kwa Healing Word. Kama Shadowheart au mtu mwingine anatibu basi chukua mbili na upige tu. Flourish zenyewe hazili bonasi, zinakula akshoni na Inspiration, kwa hiyo Swords wa Rapier moja zamu yake inakaa vizuri sana, flourish, flourish, alafu bonasi inabaki kwa dharura. Act ya tatu (sehemu ya mwisho ya gemu) kuna pete inaitwa Band of the Mystic Scoundrel, ukishampiga mtu kwa silaha inakuruhusu utoe uchawi wa illusion au enchantment kwa bonasi. Ukiipata hiyo, silaha mbili zinapoteza maana kabisa maana pembetatu yako imepata kazi kubwa kuliko kisu cha mkono wa kushoto. Nitairudia hiyo chini.

Anakufa mapema

Bardi ana damu 8 leveli ya kwanza na 5 kila leveli, juu yake Constitution. Leveli ya 5 mwenye Constitution 14 ana 38, mwenye Constitution 10 ana 28. Fighter wa leveli hiyo hiyo mwenye Constitution 16 ana 49. Hiyo tofauti ya 11 kati ya bardi wako na Fighter hutaifuta, ila ile ya 10 kati ya bardi na bardi ni uzembe wa kugawa pointi, kwa hiyo usishushe Constitution chini ya 14.

Kwenye deraya, Swords anapewa medium leveli ya 3 na watu wanakimbilia kuvaa bila hesabu. Medium inakubali +2 tu ya Dexterity. Scale Mail ni 14 na 2, inakuwa 16, na inakuharibia kunyata. Studded Leather ni 12 na Dexterity yako yote, ukiwa na 18 ni 12 na 4, inakuwa 16 pia, na unanyata vizuri. Half Plate inakupa 17 lakini nayo kunyata hamna. Kwa bardi anayeiba na kusikiliza milangoni mimi Studded Leather inatosha mpaka upate kitu cha kichawi cha maana.

Defensive Flourish inaongeza AC kwa 4 ila lazima upige upate, ukikosa huna kitu. Kwa hiyo usiitumie kwa kubahatisha dhidi ya jitu lenye deraya nzito eti ujikinge, mpige yule dhaifu aliye pembeni yako, upate hiyo 4, alafu lile jitu ndo lije likukute na AC 20. Hii ndogo inaokoa maisha mengi kweli.

Na pengine sababu sio namba kabisa, ni mahali unaposimama. Bardi hatangulii mlangoni. Atangulie Lae'zel au Karlach, wenzako wa kupigana mbele, wewe ingia wa tatu.

Uchawi unakatika katikati ya vita

Faerie Fire, Hold Person, Hypnotic Pattern, Heat Metal, Heroism, Cloud of Daggers, hizi zote zinataka umakini na umakini ni mmoja. Ukitoa ya pili ya kwanza inakufa papo hapo, hakuna kosa la gemu. Kwa hiyo ukifungua orodha yako ya uchawi na kukuta kila kitu ni cha umakini, tatizo liko kwenye orodha. Weka viwili au vitatu vya umakini unavyovipenda kweli, vingine viwe Healing Word, Longstrider (hiyo ni ya ritual, nje ya vita haili nafasi) na vitu vya namna hiyo. Kila ukipanda leveli gemu inakuruhusu kubadilisha mmoja, kitumie hicho kibali.

Kama unakatika kwa kupigwa, hesabu iko hivi: ukiumia unarusha kete ya Constitution, lazima ifike 10 au nusu ya demeji uliyopigwa, ipi kubwa. Constitution 14 dhidi ya 10 ni asilimia 65, na unapigwa mara tatu kwa zamu, fikiria mwenyewe. Feat ya War Caster inakupa kete mbili unachukua kubwa, ile 65 inapanda karibu 88. Mpiganaji anayesimama mbele na kushikilia uchawi anaihitaji, anayepiga kwa mbali anaweza kuishi bila hiyo na kuchukua Sharpshooter. Huwezi kuchukua zote mapema, feat zinakuja leveli ya 4, 8 na 12 basi.

Maadui wanakwepa uchawi wangu wote

Kwanza angalia kama ni kukwepa au ni kinga. Chagua adui, bonyeza T, soma. Hold Person na Charm Person ni za humanoid tu, ukimtupia mzoga unaotembea au mnyama hamna kitu. Act ya pili imejaa wafu, bardi aliyejaza orodha yake vitu vya kushika akili za watu atateseka kule, badilisha kabla hujaingia.

Kama ni kukwepa kweli basi ni namba. Ugumu wa uchawi wako ni 8 na ustadi na Charisma. Leveli ya 5 na Charisma 17 ni 8, 3 na 3, yani 14. Hapo ndo ule ugomvi wa Dexterity na Charisma unajitokeza, umeipa silaha kipaumbele na uchawi umebaki nyuma. Leveli 1 mpaka 7 ishi na hilo tu, uchawi tumia ule ambao hauhitaji adui ashindwe kete au ambao unashika wengi kwa pamoja, maana kati ya watano wawili watanasa.

Alafu Act ya pili kuna kofia inaitwa Helmet of Arcane Acuity, iko kule mji wa Reithwin chini ya jengo la Masons' Guild, na hii ndo inamaliza ugomvi. Kila unapomuumiza mtu kwa silaha unapata zamu mbili za Arcane Acuity, na kila moja inaongeza 1 kwenye ugumu wa uchawi wako. Mapigo mawili tu yameingia, 14 yako imekuwa 18. Sasa kumbuka Slashing Flourish ya mbali inatoa mishale mingapi. Ukiongeza na ile pete niliyosema, zamu inakuwa hivi: flourish, flourish, Acuity imepanda, alafu kwa pembetatu ya chungwa unatoa Hold Person au Hold Monster yenye ugumu ambao mabosi wengi hawaufikii, na yule aliyeganda anayempiga kwa karibu anapata kritiko (pigo la kete za demeji mara mbili) moja kwa moja. Karlach anakuja anamaliza. Silaha inalisha uchawi, uchawi unalisha silaha. Angalizo moja, ukipigwa Acuity inashuka, kwa hiyo itumie zamu hiyo hiyo, usiitunze.

Alama za uchawi zote zimekuwa kijivu

Umevaa kitu usichokuwa na ustadi nacho, mara nyingi ngao. Swords haji na ngao. Ukiivaa bila ustadi uchawi wote unafungwa. Binadamu na Half-Elf wanazaliwa na ustadi wa ngao kwa hiyo wao wanaweza, ndo maana mtu anaona bardi wa mwenzake ana ngao na wake inamkatalia. Kama hujavaa kitu kibaya basi umesimama ndani ya Silence (uchawi wa kunyamazisha), toka nje ya hilo duara. Au umechanganya na Barbarian na uko kwenye Rage, kwenye Rage hakuna uchawi.

Nimempa mwenzangu Inspiration hamna kinachotokea

Fungua sehemu ya Reactions ya huyo uliyempa, sio yako, hakikisha imewashwa na imewekwa iulize. Ikiwa imezimwa anakaa nayo tu mpaka mkalale.

Nimechanganya klasi na sasa kila kitu kimeharibika

Tatizo hapa karibu kila mara ni mda. Extra Attack inakuja leveli ya 6 ya bardi, sio ya 6 ya mhusika. Ukichukua Fighter 2 katikati Extra Attack yako imesogea mpaka 8, na leveli zote hizo unapiga moja wakati maadui wamekua. Fika bardi 6 kwanza alafu ndo uanze kuchanganya. Na Extra Attack ya bardi na ya Fighter hazijumlishwi, kwa hiyo bardi 6 na Fighter 5 umelipia kitu kimoja mara mbili.

Mchanganyiko ninaoupenda ni bardi 10 na Fighter 2. Unapata Action Surge (akshoni ya ziada), unapata staili ya Archery yenye +2 ya kupata kwa silaha za mbali ambayo Swords mwenyewe haruhusiwi, na bardi 10 inakupa Magical Secrets, unachukua Counterspell au Haste ambazo sio zako. Unachopoteza ni feat ya leveli ya 12, haitauma. Ukianza na Fighter leveli ya kwanza kabisa unapata ustadi wa kete za Constitution na deraya nzito, umakini wako unakuwa imara, ukianza na bardi hupati hivyo viwili hata ukichukua Fighter baadae. Mpangilio ni muhimu, gemu inaangalia nani alitangulia.

Bardi na Paladin wanaelewana pia kwa sababu wote Charisma, na smite (pigo maalum la Paladin) inakula nafasi za uchawi za bardi bila shida, ila smite ni ya karibu, ukiwa mtu wa upinde achana nayo. Na tangu Patch 8 ya 2025 kuna Hexblade, leveli moja tu ya Warlock wa hiyo aina silaha yako inahesabu Charisma badala ya Dexterity. Hapo pointi zako zote unamwaga sehemu moja, silaha na uchawi vinapanda pamoja. Kwa bardi wa upanga wa karibu sijaona dawa nzuri zaidi ya ule ugomvi wa pointi.

Kama umeshaharibu usianze gemu upya. Withers anachukua dhahabu 100 na anakurudisha leveli ya kwanza, unapanga klasi, pointi na uchawi wote tena, rangi ya ngozi na kabila ndo vinabaki. Yuko kwenye lile kaburi chini ya magofu pale karibu na ulipoangukia ufukweni, na hata ukimpita atakuja mwenyewe kambini. Kabla hujaongea naye vua vitu vyote mwilini vinavyobadilisha takwimu, Gloves of Dexterity kwa mfano zinaiweka Dexterity yako 18 hata kama ya kwako ni 10, uone namba zako halisi ndo ugawe. Na kama hizo glavu unazo na una mpango wa kubaki nazo, basi fanya kinyume, Dexterity iache 10, Charisma ipeleke 17 na Constitution 16, alafu usizivue.